Sanduku la Vitabu la Mwalimu Radi

Kiingereza cha mwalimu Radi kilimwingia kupitia mgongoni, naye akawa anakigawa hivyo hivyo. Baba yake mdogo ndiye aliyemfundisha: ukikosea neno, kofi, ukilia, la pili. Alipopata ualimu akawa anatembea na kipande cha waya mfukoni, na darasa lake likaongoza kwa kukariri. Kuzungumza? We acha! Ungemuuliza mtoto jina lake kwa Kiingereza angejikojolea kwanza.

Siku binti wa fundi wa kuchomelea alipokwama kwenye sentensi, Radi alipandwa na hasira mpaka waya ukaonekana haumtoshi. Akang'oa mguu wa kiti kibovu. Binti alikinga kichwa kwa mkono, na mfupa ulivunjika darasa zima likisikia.

Kesho yake akaja baba mtu. Hata salamu hakutoa. Alimtandika Radi ngumi ya mdomo mbele ya wanafunzi, akamwangusha, akamkanyaga kifua, jino likarukia huko chini ya ubao. Na alistahili, kama unaniuliza mimi!

Mwalimu mkuu, mama asiye na masihara, alimwita Radi ofisini, akamsukumia sanduku la vitabu vyembamba vya hadithi, Kiingereza chepesi kabisa.

"Kila mtoto achague anachokipenda, asome kimya. Kikimchosha, abadilishe. Hakuna maswali, hakuna mtihani. Na wewe unakaa unasoma nao."

"Sasa mama, bila kuwabana, Kiingereza kitaingia vipi?"

"Kwa kusoma sana, mwalimu. Wewe umewabana miaka yote, kimeingia? Yule binti anarudi darasani kwako. Akiacha shule kwa kukuogopa, polisi nakupeleka mimi mwenyewe."

Basi Radi akakaa. Mikono ilimuwasha, akawa anaikalia. Binti alirudi na hogo lake jeupe la plasta mkononi, akachagua dawati la karibu na mlango, na kwa siku kadhaa hakugusa sanduku. Kila asubuhi Radi alimtazama kwanza yeye, roho juu, ndipo ashushe pumzi. Halafu siku moja binti akanyanyuka, akachukua kitabu. Akamaliza, akachukua kingine. Jamani, mtoto alikuwa anasoma!

Siku moja akacheka. Kicheko kidogo tu, akakiziba kwa kiganja. Radi alikunja ngumi chini ya meza mpaka kucha zikamchoma, lakini hakuinuka. Binti alipokirudisha kile kitabu, Radi akakichukua aone kinachochekesha ni nini.

Kilikuwa cha mlinzi mwoga. Mwizi anaingia usiku, anajificha chini ya kitanda, kumbe mlinzi kajificha huko huko tangu jioni, na wote wawili wanapiga mayowe ya kuomba msaada. Radi hakuwahi kujua Kiingereza kinaweza kumchekesha mtu. Kicheko kikampasuka, kikubwa, kwa sauti ile ile ya kufoka iliyompa jina la Radi.

Madawati yaligongana. Darasa zima likazama chini, wamefunika vichwa. Binti alikuwa amejikunja pembeni ya mlango, hogo limekinga uso.

"Mwalimu," aliuliza kutoka huko chini, "kakosea nani?"

"Hakuna," Radi alisema. "Hakuna aliyekosea, mwanangu. Tokeni huko chini."

Hakuna aliyetoka.