Mbeleko, Mkoba na Mgongo wa Kokugonza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sindano wala mizani. Nilipewa mtoto. Nilikuwa nimetoka chuoni na gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, nimepangiwa kliniki ya mama na mtoto mjini Bukoba. Muuguzi Msimamizi alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akamchukua mtoto kutoka kwa mama mmoja kwenye foleni. "Binti, mbebe huyu. Zunguka naye uwanja mpaka nikuite."

Mimi ni mtoto wa Kaagya, nimekulia kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na wadogo zangu wote walipita mgongoni mwangu. Nikaona huo si mtihani, ni zawadi. Nikamfunika mtoto shali ya sufu, nikamfunga kwa kitenge kizito, nikakaza fundo kifuani na kuzunguka kwa madaha juani. Aliponiita, aliingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya mtoto akavitoa vimelowa jasho.

"Huyu umembeba au umempika?"

Foleni nzima ilicheka, na mama wa mtoto ndiye aliyecheka zaidi. Baada ya hapo Msimamizi alinifundisha yale ambayo nimeyafundisha maisha yangu yote. Joto la mtoto hupimwa kisogoni, si mikononi, kwa sababu mikono na miguu ya mtoto hudanganya. Mbeleko iwe ya pamba, kwa kuwa nailoni hufungia jasho ndani na kuleta vipele vya joto. Mgongo wako wenyewe ni jiko, kwa hiyo mtoto avae kidogo kuliko unavyovaa wewe. Magoti yake yawe juu kuliko makalio, ili nyonga zikae vizuri. Na kidevu kisilale kifuani, maana mtoto mchanga akikunja shingo hewa inakuwa shida. Ninyi mnaosoma haya kwenye simu mtadhani ni mambo ya juzi, lakini sisi tuliyapata kwa kuchekwa uwanjani.

Kisha vita vya mpakani vikaja. Watu wa ng'ambo ya mto, upande wa mpakani, walishuka kusini kwa miguu, na kliniki yetu ikageuka mahali pa kupokea akina mama. Wengi walikuwa na khanga moja tu. Khanga hiyohiyo walijifunika usiku, mchana ikawa mbeleko, na wengine waliitumia kuwafunika waliokufa njiani. Niliona watoto wamefungwa kwa mashati ya baba zao, hata kwa pazia. Mama mmoja alikuwa amemkaza mwanawe vibaya, nikafungua mdomo ili nimwelekeze. Msimamizi alinishika bega.

"Leo usimfundishe mtu kufunga. Mpe maji."

Nilijifunza ukali kwa mwanamke yule, na nilijifunza pia kunyamaza. Vita vilipokwisha nilihamishiwa Muleba, chini ya Mratibu wa Mama na Mtoto wa wilaya. Huyu alikuwa bibi mnene, mwenye kicheko kikubwa, aliyependa safari kuliko ofisi. Tulikwenda naye hadi kisiwa cha Bumbire kuchanja watoto. Kule wake za wavuvi walianika dagaa siku nzima wameinama, watoto wakiwa mgongoni na utosi wazi juani. Tuliwafundisha kutandaza khanga ya pili kuanzia begani hadi kichwani mwa mtoto bila kumziba uso. Kwenye mitumbwi tulisisitiza jambo moja: usifunge fundo gumu ukiwa majini, na mtoto mweke mbele, ili umfungue haraka mtumbwi ukipinduka. Mama mmoja alituambia, "Ninyi mnaogopa ziwa kuliko sisi tunaokaa nalo." Mratibu akamjibu kwamba ndiyo, anaogopa sana, na angependa naye aogope kidogo. Mama akafungua fundo.

Miaka michache baadaye nilipelekwa kwenye zahanati ya Kimwani. Joto la Kimwani si la Kaagya. Ni tambarare, upepo ukikatika unatamani kuvua ngozi. Na ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyovuka mpaka, kwa sababu walidhani ni laana ya wafanyabiashara. Baadaye tukaujua kwa jina lake, ukimwi, na kujua huko hakukutusaidia kwa lolote. Dawa hatukuwa nazo, kipimo hatukuwa nacho. Kwenye foleni za kliniki nyuso zilibadilika, akina mama wakapungua na bibi na shangazi wakaongezeka. Nilizoea kuuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nikaacha kuuliza.

Hapo ndipo alipokuja Kokugonza. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, na wakati wa vita kipande cha bomu kilimchana bega la kushoto. Mkono ule ulibaki unaning'inia, vidole vinashika lakini havina nguvu. Mume alimwacha, akarudi kwao Kimwani kwa kaka yake. Sasa kaka amekufa kwa ugonjwa ule, wifi amefuata, wamemwachia Deusi, mtoto wa kiume mdogo mwenye macho makubwa ambaye ndiyo kwanza shingo yake ilikuwa imekaza. Siku hiyo mtoto alibebwa na jirani, Kokugonza akitembea kando.

"Nesi waitu," aliniambia, yaani nesi wetu kwa lugha ya nyumbani, "wazee wa ukoo watakaa Jumapili. Wanataka kumpeleka kwenye kituo cha watoto mjini. Wanasema, utamlea vipi mtoto usiyeweza kumbeba?"

Nikamwomba ajaribu mbele yangu. Mbeleko haifungiki kwa mkono mmoja. Unainama, unamtupia mtoto mgongoni, unamshikilia kwa mkono huu huku unavuta nguo kwa ule mwingine, kisha unakaza. Kila alipofika kwenye kuvuta, Deusi aliteleza, nami nikamdaka. Mara ya mwisho Kokugonza alikaa chini akalia bila sauti. Wazee hawakuwa wabaya. Mwanamke wa kijijini asiye na mgongo wa kubebea hawezi kwenda shamba, wala kisimani, wala kliniki. Mtoto atabaki amelazwa ndani peke yake kutwa. 

Wiki hiyohiyo ulifika mfuko wa msaada kutoka kwa wafadhili, bila maelezo yoyote. Ndani mlikuwa na vitu vya turubai laini, vina matundu mawili ya miguu, mikanda, na kitanzi juu. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, kijana makini aliyependa kila kitu kiwe mahali pake, alikiinua kimoja akakigeuzageuza.

"Hatimaye! Wametuletea kaptula mpya za mizani."

Niwaeleze wasiojua. Mtoto wa kliniki hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Anavalishwa kaptula ya kitambaa yenye mikanda, kaptula inatundikwa kwenye kulabu, mshale unasoma uzito. Kaptula zetu zilikuwa zimechakaa mpaka tunazishona kwa uzi wa nyavu. Kwa hiyo hakuna aliyebisha, hata mimi. Tulitundika watoto asubuhi nzima, na watoto wa Kimwani wote walikuwa wamenenepa ghafla. Akina mama walifurahi, Mganga Mfawidhi akafurahi zaidi. Deusi naye alitundikwa, akabembea kwenye kulabu akicheka, na shangazi yake akimtazama.

Mchana Mratibu aliingia kwa ukaguzi. Alipomwona mtoto anayening'inia alianza kucheka, akashika ukuta, mwisho akakaa kwenye benchi la wagonjwa. "Jamani! Hiyo ni mikoba ya kubebea watoto! Wazungu wanaivaa mgongoni kama begi la shule. Mmepima sponji!" Kweli, kila mkoba ulikuwa na sponji nene ndani. Mganga Mfawidhi naye alicheka, kisha akaamuru foleni irudi upya, na akina mama wakalalamika kwamba tunawanyang'anya kilo zao.

Kokugonza hakucheka. Alisogea kwenye kulabu akaugusa mkoba. "Kwa hiyo mtoto anaingia kwanza, ndipo unavaa? Hakuna kufunga?"

Mratibu akamtazama mkono. Kisha akamgeuza taratibu, mgongo ukaelekea mkoba uliotundikwa, akashusha kulabu kidogo. Kokugonza akapitisha mkono mzima kwenye mkanda wa kwanza, akauingiza ule mbovu kwenye wa pili kwa kuusukuma na nyonga, akajiinua kwenye vidole vya miguu. Kitanzi kikatoka kwenye kulabu. Deusi alikuwa mgongoni mwa shangazi yake kwa mara ya kwanza. "Mawe!" akasema Kokugonza, yaani mama yangu kwa lugha yetu, na akasimama hivyohivyo, anaogopa hata kugeuka.

Ningependa kusema hapo mambo yaliisha, lakini joto lilikuwapo. Alifika kwake na kurudi kesho yake akiwa na mtoto mwenye vipele mgongo mzima. Ile sponji ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji. Akina mama wengine waliopewa mikoba walishairudisha, na walikuwa na haki. Kwa mwenye mikono miwili, katika joto lile, khanga ya pamba iliishinda mikoba yote. Inapitisha hewa, inafuliwa na kukauka mara moja, inaongezwa kadiri mtoto anavyokua. Lakini kwa Kokugonza haikuwa suala la kipi ni bora. Ilikuwa mkoba huu au kituo cha watoto.

Nikaupeleka mkoba kwa fundi cherehani wa pale sokoni. Aliichana sponji yote, akaweka kitambaa cha marekani, pamba tupu, tabaka moja, akapanua kikalio ili magoti ya mtoto yapande juu, na ubavuni akaacha wavu wa pamba wa kupitisha upepo. Kipande chembamba cha sponji alikibakiza kwenye mikanda tu, kwa ajili ya bega lile lililoumia. Nyumbani kwa Kokugonza jirani alipigilia kulabu kwenye nguzo ya barazani, usawa wa mabega yake. Tulianza na mfuko wa maharage. Maharage yalimwagika, tukacheka, tukaokota, tukaanza tena. Siku ya tatu tukamtia Deusi, nami nimesimama nyuma nimekinga mikono.

Jumapili wazee walikaa. Nilikwenda kwa ruhusa ya Mganga Mfawidhi, nikapewa kigoda pembeni na onyo la macho kwamba mambo ya ukoo si ya manesi. Kokugonza aliingia na Deusi mgongoni. Mzee Rwegasira, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Kokugonza, alimzunguka akiikagua mikanda.

"Vizuri. Na nani amekufungia?"

"Hakuna, tata," alimjibu, kama tunavyomwita baba.

"Koku, mwanangu, usinidanganye. Nampenda mtoto huyu kama wewe. Kesho jirani akisafiri utafanyaje?"

Kokugonza hakubishana. Alitazama huku na huku, akaona kulabu ya kutundikia mzani wa kahawa chini ya paa la ghala. Akaiendea kinyumenyume, akatundika kitanzi, akajichomoa. Deusi alibaki ananing'inia mbele ya ukoo mzima, akaanza kupiga kelele. Mzee mmoja aliinuka kumshika. Mzee Rwegasira akamzuia kwa mkono. Kokugonza akageuka, akamfuta mtoto machozi, akampa mgongo, mkono wa kwanza, wa pili. Mkanda ulinasa kwenye kiwiko. Sijawahi kumwomba Mungu kwa haraka namna ile. Akatikisa bega, mkanda ukapanda, akasimama wima na mtoto akanyamaza.

Mzee Rwegasira alivuta pumzi. "Mtoto wetu abaki nyumbani," alisema. Kisha akatafuta leso yake kila mfuko asiipate.

Msidhani hofu iliisha. Watu waliambiana kwa sauti ya chini kwamba mama huyu wa kujitakia anabeba maiti. Kwamba mtoto aliyezaliwa na wazazi wenye ugonjwa ule hatafika msimu wa mahindi. Hatukuwa na namna ya kujua. Kila mwezi Kokugonza alikuja kliniki na mwanawe, nami nilipima kisogo kwa vidole kabla hata ya mizani. Kuna mwezi Deusi aliharisha akapungua, sikulala vizuri. Kuna mwezi alipanda. Niliwazika watoto wengi wa foleni ile, na sitawataja, kwa sababu mama zao na bibi zao wengine bado wako hai na wanajua ninawakumbuka.

Sasa nimestaafu. Wajukuu na mabinti wa kanisani hunionyesha picha kwenye simu: mikoba yenye vikalio vya plastiki, vitambaa virefu vya kuzungusha mwilini, kila kimoja bei yake. Bibi, kipi kizuri? Nawaambia waweke mkono ndani. Kama mkono wako unatoa jasho, na mtoto atatoa. Nawaambia waangalie magoti, kidevu, kisogo. Halafu nawauliza swali ambalo hawalitarajii: nani atambeba? Ana mgongo gani, ana mabega gani, anakwenda wapi naye? Kazi yangu yote ilikuwa hiyo, ingawa cheti changu kiliandikwa maneno mengine.

Nilitumikia miaka mingi, nikafanyiwa sherehe ya kuagwa yenye keki na hotuba. Lakini ninapotaka kujikumbusha kwamba haikuwa kazi bure, sikumbuki keki. Nakumbuka siku moja ya kliniki, mvua za masika zimeisha, niliposimama mlangoni nikamwona Kokugonza anakuja kwa mbali. Mkoba ulikuwa mgongoni, umelegea, mtupu. Miaka ile mgongo mtupu ulikuwa na maana moja tu. Nikashika fremu ya mlango, nikaanza kutafuta maneno ya pole.

Alipokaribia nikaona anacheka na kulia kwa pamoja.

"Amekataa mgongo, nesi! Tangu nyumbani! Nikimwita aingie anakimbia!"

Nyuma yake, kwenye kona ya njia, Deusi alikuwa amechuchumaa akichunguza mdudu. Akainuka, akajikwaa, akasimama tena mwenyewe, akatupita sisi wawili tunaolia bila kutujali, na kuingia kliniki kwa miguu yake.