Sipiyu Nzito

Mume wangu Iddi hupima kila kitu kwa mkono. Ametengeneza redio miaka kumi na minane hapa Msambweni, kando ya barabara kuu, na anaamini kwamba amplifaya nzito ndiyo yenye nguvu. Humwambii kitu. Mwaka wa tisini na nane imani hiyo ilitutia hasara, na nikiikumbuka nachoka upya.

Wifi yangu Yusra alikuwa ameolewa Maskati. Baba yao alishafariki, kwa hiyo Iddi ndiye aliyemwoza, na mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, hakuiridhia ndoa ile hata siku moja. Harusi ilifanyiwa huko huko. Sisi tukaletewa sahani ya video, si kaseti, na hatukumjua mtu mwenye mashine ya kuichezesha. Mama naye macho yalikuwa yanamwishia. Daktari alishamwambia ni presha ya macho, yakizima hayarudi.

"Harusi siitaki mimi," alimwambia Iddi. "Nataka niuone uso wa mwanangu tu, nijue kama ana raha."

Iddi akasikia kwamba kompyuta huichezesha sahani kama ile, akaamua kununua moja, ambayo baadaye angeitumia kuchapia watu barua. Akamwuliza Jacktone, mtu wa bara aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani.

"Cheki CPU, buda," Jacktone akamwambia. "Ikiwa weak, picha itakwama. Chukua ile iko na nguvu."

Sasa, kwetu sipiyu ni lile sanduku zima linalowekwa kando ya kioo. Tulikwenda Mombasa, na dukani Iddi akayanyanyua masanduku moja moja kama anayenunua mihogo. Akachagua lililomshinda kwa mkono mmoja. Nilimwambia lile dogo pia linaonekana zuri.

"Mama Ramadhani, mambo ya umeme niachie mimi."

Nikamwachia, mjinga mimi.

Nyumbani sauti ilitoka safi, dufu na vigelegele. Picha ikasimama. Yusra akaonekana amejiinamia chini ya mtandio, kisha picha ikaruka, mara yu mlangoni, mara hayupo. Mama alikuwa bado anaona kidogo. Alisogeza kiti hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ngojeni, atainua uso," akasema.

Tulingoja mpaka sahani ikaisha.

Jumapili Jacktone akaja, akafungua sanduku, akacheka mpaka akaketi sakafuni. "CPU ni hii hapa ndani," akasema, akituonyesha kidude kisichozidi biskuti. "Hii ni ya zamani, mzee. Video inataka Pentium. Huu uzito wote ni chuma tu!"

Iddi hakucheka. Muuzaji alikataa kulipokea sanduku lake, basi mume wangu akainamia redio za watu miezi mitano, akidunduliza pesa za kununua jingine. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilimhurumia, nikaacha.

Mwishowe akaja na sanduku dogo, Pentium kweli, Jacktone mwenyewe akiwa amelikagua. Alasiri ile picha ilikwenda bila kukwama hata mara moja. Lakini mama wakati huo alikuwa akishikwa mkono hata kwenda uani. Tulimketisha mbele ya kioo, akageuza sikio.

"Yuaonekana?"

"Yuaonekana, mama," Iddi akajibu.

"Ameinua uso? Yuacheka?"

Yusra alikuwa ameinua uso. Macho yalikuwa yamevimba kwa kilio, na mwanamke mmoja alikuwa akimfuta mashavu kwa haraka ili apigwe picha. Iddi aligeukia nyuma ya sanduku, akashikashika waya. Niliona uchungu, na nikamwonea hasira pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwoza.

"Yuacheka, mama," nikasema mimi.

"Iddi?"

"Yuacheka," akasema Iddi.

"Alhamdulillahi." Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwanawe. "Basi nirudishie hapo anapocheka, baba, nisikilize tena."

Iddi akairudisha.