Ufa kwenye Bunduki ya Kazungu

Siku ile ilianza kwa mzaha. Tulikuwa wanne uani kwenye kituo chetu cha polisi, hapa kisiwani, tukinywa chai, na Kazungu akinitania kwamba nazipenda bunduki kuliko wanawake.

"Athmani, hizo hazizai," akasema.

Kazungu alikuwa mtu wa Kaloleni, mimi wa Mji wa Kale. Yeye alisimama vizuizini, mimi nilitunza ghala la silaha. Miezi ile kulikuwa na watu wakivipiga risasi vizuizi vyetu kisha wakatokomea, na kila aliyekwenda zamu aliaga nyumbani kwake vizuri.

Tukiwa bado uani, gari letu lilirudi nyuma likaikanyaga bunduki ya Kazungu, aliyokuwa ameiegemeza ukutani. Simlaumu. Hata mimi nimeegemeza hivyo.

Nilikipaka mafuta kile kiwiliwili cha chuma kinachoshika mtutu, nikakipangusa, nikakisugua chaki. Chaki ikanyonya mafuta, ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele.

Namba ya bunduki huchongwa kwenye kiwiliwili hicho. Ukikibadilisha, vitabuni bunduki hiyo imekufa, na mwenyewe hungoja nyingine mpaka barua zimalize kuzunguka. Kwa hivyo kwetu ilikuwa desturi ufa kuchomelewa kimya kimya, ukapigwa msasa, kazi ikaendelea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahi kufanya hivyo mara mbili na hakuna aliyeumia. Sina budi kulisema.

Lakini ufa huu ulikuwa pale kishindo cha risasi kinapogonga. Nikaogopa.

"Ichomelee, yakhe," Kazungu akasema.

"Itakupasukia usoni."

"Zile mbili mbona hazikupasuka?"

"Hazikuwa na ufa mahali hapa."

"Kesho niko Makupa. Wakija niwatupie nini, mahamri?"

Wenzetu wakacheka. Yeye hakucheka.

Niliandika: haifai, ibadilishwe. Mkubwa wetu akatia sahihi, akasema Kazungu atakagua magari kwa rungu, na wenzake wawili wenye silaha watamlinda. Kwa haki, ghalani hakukuwa na bunduki ya ziada. Hilo nilimwambia mimi.

Kesho yake adhuhuri nilikwenda Makupa na gari kuwapelekea chakula. Kazungu alikuwa ameinamia dirisha la lori, akizungumza na dereva. Aliponiona akainua rungu juu, kama mtu anayeonyesha mali.

Risasi zikaanza.

Nikajitupa chini ya gari letu, bunduki yangu nimeilalia.

Wale wawili walijibu kutoka nyuma ya mifuko ya mchanga. Mimi sikujibu.

Kazungu akaja mbio upande wangu.

Hakufika.

Bunduki ile yenye ufa ilipokaguliwa baadaye, fundi aliyenizidi ujuzi aliandika kwamba ingechomelewa, huenda ingestahimili, huenda isingestahimili. Nilitaka aseme moja. Elimu yangu ni ya darasa la nane, lakini hata aliyesoma sana nadhani asingeweza kusema zaidi ya hapo.

Nilikwenda Kaloleni kumweleza mjane wake. Nilimweleza ufa, chaki, na namba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Shemeji, nawe siku ile ulikuwa na yako?"

"Nilikuwa nayo."

Akaniletea maji ya kunawa, tukala.

Nilikuwa nayo, nzima, nimeitia mafuta asubuhi. Mtunza ghala hana zamu ya kizuizini, na kanuni iliniruhusu kumwandikia mwenzangu bunduki yangu kwa siku moja. Sikuikumbuka kanuni, au niliikumbuka nikanyamaza. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui ni lipi.

Kazungu naye hakuniomba. Silisemi hili kujitetea. Aliijua kanuni ile kama mimi. Nadhani aliona nilivyokuwa nikiogopa kubaki bila bunduki yangu, akanistahi.