Betri za Kamera ya Marehemu Baba

Kaka yangu mkubwa alimpiga mama picha kwa simu, eti iwe tayari kwa programu ya mazishi yake siku ikifika. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa ameanza kupanga mambo hayo mapema. Alipoiona alisonya. "Huyu mzungu ni nani?" Simu ilikuwa imemfuta makunyanzi yote na kumpaka weupe. Akasema atapigwa kwa kamera ya marehemu baba, ile ya filamu, au asipigwe kabisa.

Filamu ilikuwa imebaki moja. Kipima mwanga cha kamera kilikuwa kimekufa, na mimi si baba, ambaye alikuwa akitazama mbingu tu na kujua mwanga ni kiasi gani. Zilitakiwa betri mbili ndogo, zile za duara kama kifungo cha shati.

Kaka ni ajenti wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, kwa hivyo anajua kila kitu duniani. Alileta kadi nzima ya betri kutoka kwa mchuuzi anayezunguka kwenye foleni ya malori. Mchuuzi alikuwa amezionja moja moja kwa ulimi na kuapa ziko moto. Ulimi wa mchuuzi, ndicho kipimo chetu siku hizi.

Nikamwonyesha kaka herufi: hizi ni LR, za alkali. Zinaanza na nguvu, kisha zinalegea polepole bila kukuambia. Zikilegea, sindano ya kipima mwanga inadhani kuna giza, unafungua lenzi zaidi, picha inatoka nyeupe. Mama angekuwa mzungu mara ya pili, na filamu ndiyo hiyo imeisha. Nilitaka zilizoandikwa SR, za oksidi ya fedha, ambazo hushika nguvu ileile karibu mpaka siku ya kufa.

"Betri ni betri," kaka akasema. "Unatusumbua na vitu za zamani." Kisha akashauri tuzitoe zile kuukuu tuzianike juu ya mabati, kama za redio. Na huyu ndiye anayekabidhiwa makontena ya watu.

Za SR nilizipata Busia, kwenye duka la saa. Hata pale muuzaji alinisukumia LR kwanza, akisema ni kitu kimoja. Nilisoma herufi mwenyewe.

Nikampiga mama asubuhi, mlangoni pake, sindano imetulia. Filamu ikaenda Nairobi kusafishwa, picha zikarudi. Makunyanzi yote yalikuwepo, na jicho la kushoto linalolegea. Nilifurahi sana, sifichi.

Kaka akacheka. "Hii hatuwezi kuweka kwa programu. Watu watasema tulikuwa hatumlishi."

"Weka ile ya mzungu," mama akasema, ameishika ile ya filamu kwa mikono miwili. "Hii mtaniwekea kifuani, ndani ya sanduku. Baba yenu aliniacha nikiwa bado kijana. Sitaki tukikutana huko anipite hivi hivi bila kunitambua."