Jina Lililoandikwa Kwenye Boksi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonifahamu hapa Mandewa wanalijua hilo. Mteja akiniletea kitambaa cha gauni akasema analitaka kesho yake asubuhi, namrudishia kitambaa chake kabla hajamaliza kusema. Kwa hiyo siku karani wa mizigo pale stendi aliponiambia kwamba boksi langu analiona kwa macho yake lakini hawezi kunipa, sikumjibu vizuri.

Boksi lilikuwa la sabuni, limezungushiwa selotepu mpaka huoni rangi yake. Alilituma mama yangu kutoka Dar es Salaam, ambako kaka alimpeleka kutibiwa moyo. Mama alipoondoka kijijini kwetu Issuna alibeba mlenda wake mkavu. Aliuchuma mwenyewe shambani, akauanika, akautwanga, akautia kwenye kopo la maziwa ya unga akijua huko aendako atapikiwa. Wifi yangu ni mtu mwema, sina neno naye, lakini mlenda wetu haujui, na watoto wake wakiuona unavutika wanacheka. Kopo likakaa uvunguni mwa kitanda miezi minne. Mwisho mama akanipigia simu.

"Nimekutumia ule mlenda," akasema. "Huku utaharibika bure. Mwaka huu sijalima, kwa hiyo huo ndio wa mwisho. Utie karanga. Usiujaze nyanya kama watu wa mjini."

Mlenda wa mama nilikuwa sijaula mwaka mzima. Wa sokoni nanunua, ndiyo, lakini una mchanga na mkono wake siujui. Nilifunga cherehani mapema, nikapanda bajaji hadi stendi nikiwa na njaa ya makusudi.

Karani alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, mtu asiye na haraka hata kidogo. Nyuma yake walibandika karatasi iliyosema kwamba bila kitambulisho hakuna mzigo, na chini yake nyingine iliyosema kwamba mzigo ukikaa zaidi ya mwezi utarudishwa kwa mtumaji. Nikampa kitambulisho changu cha taifa. Akakisoma, akaenda kulisoma boksi, akarudi kukisoma kitambulisho.

"Mama, huu mzigo siyo wako. Majina hayaendani."

Nikainama juu ya meza nione. Kwenye boksi, kwa maandishi makubwa ya peni nene, mjukuu wa mama alikuwa ameandika jina alilotajiwa na bibi yake. Namba ya simu nayo ilikuwa ya mama, siyo yangu. Jina lilikuwa langu kabisa, na karani naye alikuwa na haki.

Sitaliandika hapa. Ni jina la Kinyaturu alilonipa bibi yangu kwa sababu ya mambo yaliyotokea siku niliyozaliwa, na si la kusomwa na watu nisiowajua. Nilipoanza shule mwalimu aliandika jina la ubatizo, la baba na la babu, na hayo matatu ndiyo yaliyonifuata hadi kwenye kitambulisho. Lile la bibi likabaki nyumbani. Kisha nikazaa. Kwetu ukishazaa, watu wanaliweka jina lako pembeni kwa heshima, wanakuita mama wa mtoto wako wa kwanza. Shangazi waliacha, majirani wakaacha, hata baba akaacha mpaka anaingia kaburini. Mtu mmoja tu hakuacha.

"Karani mwenzetu alishatoa simu ya mtu kwa kuamini mdomo," yule bwana akaniambia. "Karibu afukuzwe kazi. Mwambie mtumaji aende ofisi yetu ya Dar na kitambulisho chake, abadilishe jina. Dakika tano tu."

Dakika tano, kwa mwanamke ambaye akitoka kitandani hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Nikampigia mama papo hapo, nimesimama mbele ya watu, na hasira zote za karani nikamshushia yeye.

"Mama, kwa nini umeandika jina hilo?"

"Kwani jina lako ni lipi?"

"Lililo kwenye kitambulisho."

"Hilo la kwenye kitambulisho mimi sikukupa."

"Basi huo mlenda wako nao hawanipi. Mambo yenu haya ya kizamani yatatuhangaisha mpaka lini?"

Akasema nisikasirike, kesho mjukuu atampeleka ofisini kwa bajaji. Kisha akaniita kwa jina langu, akanitakia jioni njema. Nilikata simu bila kuitikia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba aliniita nami sikuitika.

Kesho yake hakuweza kuamka. Siku ya tatu kaka akapiga simu alfajiri, na kabla hajasema nikajua.

Tulimleta Issuna tukamzika karibu na baba. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, watu wakaja kunipa pole, nami nikawapokea wote kama inavyotakiwa. Lakini niseme ukweli, nilikuwa nawaza boksi. Nilikuwa nahesabu siku. Nilijua likirudishwa kwa mtumaji litafika Dar likose mwenyewe, litupwe, na mikono ya mama itakuwa imeisha duniani nisiionje tena.

Nilirudi stendi matanga yalipokwisha. Karani alinikumbuka.

"Mtumaji amebadilisha?"

"Mtumaji tumemzika Jumamosi."

Akavua miwani, akaishika mkononi. "Pole sana, mama. Pole sana." Kisha akasema, "Lakini." Nimewahi kulichukia neno, ila si kama nilivyolichukia hilo. Alisema wakubwa wake hawatakubali mdomo mtupu, ila nikileta barua ya serikali yenye mhuri, inayosema kwamba hayo majina ni ya mtu mmoja, atanipa mzigo bila shida. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Mandewa nimemshonea suruali tangu watoto wake wakiwa wadogo. Alisoma karatasi niliyoandika lile jina, akatikisa kichwa. "Mama, wewe nakufahamu vizuri, lakini hili jina ndiyo kwanza naliona. Nikigonga mhuri nitakuwa nimedanganya." Nilimwambia maneno ambayo baadaye nilienda kumwomba radhi. Hakuwa na kosa. Nimekaa mjini miaka yote hii na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwendea akasema ananijua kwa jina hilo.

Nikapanda basi kurudi Issuna. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ndiye mkubwa pekee aliyebaki upande huo. Nilimkuta anapepeta alizeti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umerudi haraka hivi, kuna nini tena?"

Nikamweleza. Akacheka kwanza, kwa kuwa dada yake angecheka, kisha akajifuta macho kwa upande wa kanga. Tukaenda wote kwa mtendaji wa kijiji.

"Haya, bibi," mtendaji akamwambia, "huyu alipozaliwa aliitwa nani?"

Mama mdogo akatazama chini. "Huyu ni mama wa watu. Ana wajukuu. Mimi simtaji jina lake hovyo."

"Bibi, bila jina siwezi kuandika barua."

"Basi alitaje mwenyewe."

Nikalitaja. Lilitoka na sauti ya ajabu, kavu, kama la mtu mwingine. Nimeishi nalo miaka hamsini na minne na sikumbuki kama niliwahi kulitamka. Jina lako unaitwa, hujiiti.

"Ndilo," mama mdogo akasema. "Dada alikuwa akisimama shambani akiliita, mpaka ng'ambo ya korongo tunalisikia. Na huyu mkaidi haji." Mtendaji akacheka, akaandika, akagonga mhuri.

Siku ya pili yake nilifika stendi wakati basi la Dar limetoka kushusha. Ofisi ilijaa watu wanaotafuta vipuri, dawa, sare za shule. Karani akaisoma barua mbele na nyuma, akailinganisha na kitambulisho, akaifungia kwenye faili.

"Sawa, mama. Kaa kwenye benchi, nitakuita."

Nikakaa. Utaratibu wao ni kwamba anaingia stoo, anatoka na mzigo, anaita jina kama lilivyoandikwa, na mwenye nalo anakwenda mezani. Waliitwa watu saba, nane. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, nawaza karanga za kutia kwenye mlenda, kama ninazo za kutosha nyumbani.

Kisha likaitwa.

Aliliita kama linavyotakiwa kuitwa, kwa lafudhi ya kwetu, akiivuta ile sehemu ya mwisho. Kumbe naye ni Mnyaturu, siku zote hizo hakuonyesha. Sikupata muda wa kufikiri.

"Abee!"

Ofisi nzima ikageuka. Mwanamke mwenye mvi ameitika kwa sauti ya mtoto aliyetumwa maji, tena yuko tayari amesimama. Dada mmoja akaziba mdomo asicheke. Nikaenda mezani.

Boksi lilikuwa jepesi. Nilipoliinua kopo liligonga ndani, na harufu ya majani makavu ikapenya kwenye selotepu.

"Saini hapa," karani akasema. "Andika jina la kwenye mzigo."

Nikaandika, mwandiko ukanipinda. Akachana stakabadhi, akanipa nakala yangu. Kazi ilikuwa imekwisha, na nyuma yangu watu walikuwa wanasukumana. Sikuondoka.

"Kuna tatizo lingine, mama?"

"Hapana, kaka. Naomba uniite tena."

Akanitazama. Nilidhani atanifukuza, na angenifukuza nisingemlaumu. Akatazama foleni, akaitazama ile barua kwenye faili, akavua miwani yake. Kisha akaita, polepole, kwa sauti ya chini, akiivuta ile sehemu ya mwisho.

"Abee, mama," nikaitika.