Nilikuwa opératrice wa phonie na mufumaji wa bitambaa Butembo, mupaka asubuhi sauti ya Kamango ilirudi

Bakubwa na badada ya humu jukwaani, salama yenu.

Juzi mutu aliuliza hapa kama mwanamuke anaweza kufanya kazi ya technique na tena kutengeneza bintu ya kupamba nyumba na mikono yake, ao kimoja kitaua kingine. Mulijibu mingi. Miye nilinyamaza, mais siku ile sikulala muzuri. Donc leo nasema. Chumvi sitaongeza, na mutu ya Butembo mwenye anakumbuka anisahihishe.

Ilikuwa wakati ya vita, mbele telefone ya mukononi ifike kwetu. Kama ulitaka kujua mama yako wa Beni iko muzima, ulikuja kwenye phonie. Ni redio ya kusemea: antenne ya waya juu ya mabati, batterie ya gari chini ya meza. Unasema, unamaliza na "à vous", unaachilia kifungo, mwenzako anajibu. Na poste zote zenye ziko kwenye fréquence zinakusikia, siri haiko.

Miye njo nilikuwa opératrice. Nilijua kupima batterie, kuunga waya, kutafuta fréquence wakati mvua inaharibu. Banaume balikuwa banaingia, banauliza technicien iko wapi. Najibu, unamwangalia.

Mais katikati ya appel na appel kuna kungojea mingi, njo nilikuwa nafuma crochet. Bitambaa ya mugongo ya biti, ya meza, ya kufunika télé hata kama courant haiko. Munatujua banamuke ya Butembo: salon bila bitambaa, mugeni ataenda kusema.

Patron yangu hakupenda. Siku moja alikuta uzi yangu imejizungusha na waya ya antenne, akaniambia nichague, ao phonie ao crochet, juu njia mbili zilimushinda fisi. Nikamuambia miye hapana fisi.

Kule Kamango, karibu na mupaka ya Uganda, kulikuwa opérateur mwenzangu, Papa Kambale. Sikumuonaka na macho hata siku moja, nilimujua kwa sauti tu. Sauti ya polepole, ya mutu ya kanisa. Kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana mbele ya kuanza kazi, ananiuliza batoto, ananichekesha kidogo.

Aliniagiza bitambaa ya salon yake. Nyeupe tupu, hata ua moja ya rangi hapana, juu bibi yake hapendi rangi. Alirudilia ile maneno mupaka nikachoka. Nyeupe, Mama Masika, nyeupe.

Kisha Kamango ikanyamaza.

Batu ya bunduki balikuwa bameingia kule. Nikiita, nasikia mukwaruzo tu. Mutu mumoja akafika na velo, akatuambia opérateur wa Kamango ameuawa. Nililia sana. Bitambaa yake nikaikunja, nikaiweka ndani ya sanduku, sikuwa tena na roho ya kuimaliza.

Ile wakati bwana yangu Paluku alikuwa Beni, mutaa ya Mulekera, kwa ndugu yake. Alikuwa na camion ya chumvi na sabuni ya kupeleka Kamango, njia imefungwa, anangojea. Kila siku anakuja kwenye phonie ya Beni kuniuliza, njia iko aje? Na miye najibu, Kamango haisemi.

Alors, asubuhi moja, ukungu imefika mupaka kwenye mulango. Nawasha poste. Mbele hata niite mutu, sauti ikatoka.

"Butembo, Butembo, hapa Kamango. À vous."

Ilikuwa Papa Kambale.

Bandugu, mwili yote ilinisisimuka. Patron alikuwa anakunywa chai kando yangu, akaweka kikombe chini. Mutu tulikuwa tumekwisha kulilia, njo huyu anatuita.

Alisema njia ya Mbau, ile ya kutoka Beni kuenda Kamango, imefunguka. Amani iko. Camions zikuje, batu banakosa chumvi. Akamaliza, akarudilia. Akarudilia tena, maneno ile ile, sawa mutoto anasoma mbele ya mwalimu. Hakunisalimia. Hakuuliza batoto. Na nyuma yake hakukuwa kelele yoyote, hata kuku.

Patron akapata furaha, akasema umeona, batu banapenda kuzika mutu na mudomo, ambia Beni baende. Miye furaha haikukuja. Baridi ilikuwa imeniingia ndani ya mifupa na sikujua sababu. Nikakamata micro.

"Papa Kambale, bitambaa yako nimalize na rangi gani? À vous."

Nikangojea jibu. Mukwaruzo tu.

"Rouge. Yote rouge. À vous."

Nyekundu! Nilifikiri, huyu hapana Papa Kambale. Ao ni mutu anaigiza sauti yake, ao ni marehemu mwenyewe, na marehemu hakumbuki tena bintu ya nyumba yake. Mudomo yangu ilikuwa imefunguka kumuambia, mais papa, uliagiza nyeupe. Nikaacha. Woga, basi. Nikasema tu "Bien reçu, terminé," njo kusema nimesikia, nimemaliza, nikaachilia kifungo.

Saa ile ile nikaita Beni, kwenye fréquence ingine. Paluku alikuwa amekwisha kusikia habari, camion iko tayari, benzake banapanda. Nilimuambia abaki. Akakasirika mbele ya batu yote.

"Masika, unataka marchandise yangu ioze juu ya rangi ya kitambaa? À vous."

"Ndiyo. Juu ya rangi ya kitambaa. Kama ulinioa kweli, hapana kwenda. À vous."

Poste yote ya Beni ilicheka. Paluku alipata haya, mais alibaki. Benzake nao nilibalilia babaki. Bakasema mama ya Butembo amelogwa na crochet yake. Bakaenda. Zile camions hazikurudi. Convoyeur mumoja tu, musaidizi wa dereva, njo alirudi, na miguu.

Miezi ikapita. Siku moja mama mumoja akaingia kwenye poste, amekonda, amevaa viatu ya kuazima. Akauliza, weye njo Masika? Alikuwa bibi ya Papa Kambale. Alikimbilia Uganda, akarudi na njia ya Kasindi. Nikamupa kiti na chai, nikamuambia pole. Halafu nikashindwa kujizuia, nikamuuliza nani alikuwa anasema na sauti ya bwana yake ile asubuhi.

"Ni yeye. Nilikuwa nimeketi kando yake."

Hakukuwa amekufa. Batu ya bunduki balimufungia ndani na redio yake, bunduki kwenye mugongo, bamemupatia maneno ya kuita camions. Nilipouliza mambo ya rangi, mukubwa wao alitaka kujua hiyo ni nini. Papa Kambale akamuambia ni bitambaa ya bibi tu. Bakacheka, bakamuruhusu ajibu.

"Kwetu hakuna kitu rouge," yule mama akasema. "Nilijua anakuambia ile maneno ya njia ni ya uongo. Uliposema bien reçu, akapumua. Jioni bakamutwaa, hakurudi tena. Alipopita kwangu akaniambia, Mama Masika amesikia. Wasingya, aksanti, mama. Aliondoka na roho imetulia."

Bandugu, miye sikusikia kitu, sikujua ananionya. Niliogopa, ni hivyo tu. Na kama ningalimusahihisha, bangalimuua pale pale, na yule mama pamoja naye.

Nilimushika mikono. Nikamuambia, ndiyo, nilisikia.

Leo nafanya kazi ya réseau ya telefone, na crochet iko ndani ya sac yangu kila siku. Toka ile wakati patron hakuniambia tena nichague. Fundisho yangu kwa mwenye aliuliza: usiache kazi ya mikono juu batu banaicheka. Mutu anaweza kukosa njia yote ya kukufikia, akakufikia na hiyo.

Paluku iko hapa ndani, anakoroma. Yule mama tunasali pamoja kila yenga, siku ya kanisa, na sijamuambia bado kwamba ile asubuhi sikuelewa.

Benye mulifanya phonie, na hata benye hamukufanya, muniandikie hapa chini: weye ungemuambia?