Mpira wa Mwani wa Bwana Samaki

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya tangi niliwekewa mkononi mpira wa kijani, umelowa chepechepe, mkubwa kama chungwa dogo, nikaambiwa niukamue.

"Taratibu, binti," alisema Bwana Samaki. "Hiyo siyo nguo."

Wadogo zangu, najua mtanicheka. Mtu wa umri wangu kusema "enzi zetu" ni kichekesho. Lakini kazi niliyoipenda imekwisha, na mtu aliyemaliza kazi ana haki ya kuisimulia.

Bwana Samaki ndivyo mtaa mzima kule Ifakara ulivyomwita, maana alikuwa ofisa uvuvi hadi alipostaafu. Miguu ilipokataa kumfikisha mtoni, aliweka tangi la kioo sebuleni, akafuga samaki wadogo wa mapambo. Mimi nilitoka kijijini kwetu Mkula, nimeishia kidato cha pili, nikaja kuosha vyombo kwake. Baadaye nikahamishwa kituo cha kazi: kutoka jikoni kwenda sebuleni. Mkuu wangu wa jikoni, Mama Tumaini, mkulima wa mpunga kutoka Lupiro aliyekuwa akimpikia mzee, hakufurahi.

"We Adela, unaacha masufuria unaenda kulea majani?"

Majani yenyewe ni mwani, jamaa wa ule utelezi wa kijani kwenye mawe ya mtoni, ila nyuzi zake zimejisokota zikawa duara. Asili yake ni maziwa ya nchi za baridi. Ndani ya tangi hunyonya sehemu ya uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, na samaki wachanga hujificha ubavuni mwake. Msidanganywe kwamba unasafisha tangi peke yake. Kubadilisha maji ni lazima, na maji ya bomba tuliyaacha kwanza kwenye ndoo wazi hadi kesho yake, dawa yake ipungue. Yale machafu tulimwagia migomba. Kwenye mfereji wa mashamba, kamwe! "Kitu cha tangi kikiingia mtoni," mzee alisema, "hujui kitamfanyia nini perege wetu."

Kila tukibadilisha maji nilikamua mpira ndani ya beseni, uchafu ukatoka kama moshi, kisha nikauviringisha viganjani ubaki duara. Nikaurudisha tangini umegeuzwa, upande uliolalia chini uone mwanga. Mwanga wenyewe uwe hafifu. Jua kali huutia ukahawia, na maji ya moto huuchosha. Sasa Ifakara na joto lake! Umeme ukikatika, mzee alinituma niloweshe kitambaa cha kanga nilifunike tangi, huku yeye akipepea kwa ungo.

Mpira ule mzee aliletewa na binti yake, Dada Bernadeta, muuguzi wa Iringa, mama yake alipofariki. "Nyumba isikose mtu wa kuhudumiwa, Baba," alimwambia. "Noeli nikija niukute." Mzee alisalimia mpira kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mimi nikageuka ukutani nisionekane nikitabasamu.

Mwaka wa mwisho joto la Desemba lilitujia vibaya. Umeme ulikatika siku kadhaa, na pazia lilikuwa limetolewa kufuliwa, jua likapiga tangi. Mpira ukaanza kuwa kahawia upande mmoja. Jumapili nikaenda Mkula kusali na mama. Niliporudi, samaki walikuwa wanahema juu ya maji, wengine wamelala ubavu, na Mama Tumaini amesimama na mfuko mkononi.

"Nimeusaidia," alisema. "Mpunga ukiwa njano si unatiwa urea? Nimetia kidogo tu."

"Mama Tumaini! Ndani ya maji ya samaki?"

"Sasa mbolea inatiwa wapi, hewani?"

Nilihamisha samaki waliobaki hai kwenye ndoo ya maji safi. Mpira nilipoukamua ulitoa harufu ya kitu kilichooza. Mzee alikuja akiburuta miguu, akaketi.

"Umekufa?"

"Sijui, Babu."

"Noeli ni wiki hii, Adela."

Mama Tumaini akaanza kulia kwa sauti. Mzee akamshika mkono. "Acha, mama. Shamba ndilo limekufundisha hivyo. Binti, ufungue tuone."

Nikaupasua kwa wembe. Katikati ulikuwa mweusi, lakini pembeni palibaki kipande cha kijani. Nikakikata, nikakisuuza, nikakiviringisha hadi kikawa kama kunde, nikakifunga kwa uzi. Mahali pa baridi kuliko pote nyumbani mle ni mtungi wa maji ya kunywa, pale kwenye kona ya giza. Mama Tumaini mwenyewe ndiye aliyesema, "Weka humo. Sisi tutakunywa ya ndoo nyingine."

Dada Bernadeta alifika mkesha wa Noeli. "Shikamoo, Baba. Mpira wangu uko wapi?" Mzee akafunua mtungi, akamulika kwa simu. Dada akainama, akachungulia ndani.

"Ndio huu?"

"Ndio. Tumepungua wote wawili."

Dada alicheka, machozi yakimtoka, akamkumbatia. Nadhani ndipo alipoiona miguu ya baba yake ilivyovimba, maana kesho yake alisema, "Twende Iringa, Baba. Kuna baridi. Itawafaa wote wawili."

Samaki waliobaki walipewa jirani. Asubuhi ya safari mzee alikaa kiti cha mbele akiwa na chupa ya maji yenye mpira ndani, mapajani, ameifunika kofia yake jua lisiipate. "Mpira huu hukua polepole mno," aliniambia dirishani. "Mimi sitauona ukiwa chungwa. Wewe njoo uuone." Gari likaondoka. Mama Tumaini akanishika bega, tukarudi ndani, sebule ikiwa kimya bila mngurumo wa pampu ya hewa ya samaki.

Sasa niko Mkula, nalima mpunga na mama. Ndoto yangu ni kuweka tangi la kioo zahanati ya kijiji, wagonjwa wakingoja waangalie samaki. Mzee hupiga simu, huniambia mpira umefika ukubwa wa ndimu changa, nami najua anatia chumvi ili nifurahi.

Jana tulikula ugali. Mama akaniangalia.

"Adela, tonge hilo unalila au unalibembeleza?"

Nikatazama kiganja changu. Nilikuwa naliviringisha, taratibu, duara.